Jicho Halina Vipuri: Njia ya Boda-boda Kutoka Busia Hadi Entebbe

Kabla jua halijachomoza, mji wa Busia umekwisha kuamka. Ni mji mmoja wenye bendera mbili: mashariki ni Kenya, magharibi ni Uganda, na katikati ni watu wale wale wenye soko lile lile. Malori yenye tela yaliyotoka bandari ya Mombasa yamejipanga foleni ndefu yakingoja zamu ya forodha. Wanawake wanapita na vikapu vya nyanya na mafungu ya samaki wakavu. Mtanzania aliyetoka Musoma akapitia Sirari na Kisumu huingia Uganda kwa mlango huu, na watu wa kwanza kumkaribisha ni vijana walioketi juu ya pikipiki zao wakiita, "Mama, twende!" "Mzee, karibu, nafasi iko!"

Katika mji huu na jirani yake Malaba ndiko lilikozaliwa neno ambalo sasa linajulikana Afrika ya Mashariki yote. Katika miaka ya 1960, baina ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi ambacho msafiri alilazimika kukivuka kwa miguu na mzigo wake kichwani. Vijana wenye baiskeli waliona kwamba pale pana riziki. Walifunga mto juu ya kiti cha nyuma, wakawa wanawavusha watu huku wakinadi, "Boda, boda!" yaani kutoka mpaka hadi mpaka, kwa kulifupisha neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Kuanzia miaka ya 1990 pikipiki ilianza kuchukua nafasi ya baiskeli, na jina likabaki. Mwezi Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha hapo Busia, na msafiri sasa hukaguliwa upande mmoja tu. Kile kipande cha ardhi kilichozaa boda-boda kimepoteza kazi yake, lakini mtoto wake amekuwa mkubwa kuliko mama.

Kutoka Busia hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 200 za lami, na kutoka Kampala hadi Entebbe ni kilomita 40 hivi. Safari ndefu hufanywa kwa basi. Boda-boda humpokea abiria anaposhuka na kumfikisha kijijini, sokoni, hospitalini au mlangoni kwake. Kwa hiyo katika kila mji wa njia hii, Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono, kuna kijiwe cha pikipiki. Abiria mwanamume huitwa "ssebo" na mwanamke huitwa "nyabo", kwa heshima ya Kiganda. Kiswahili nacho hakikosi masikio, maana kimekuwa lugha ya askari wa Uganda tangu siku za ukoloni, na katiba ya nchi hiyo imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005.

Mgeni akitazama nyuso za madereva hao, ataisoma barabara nzima kabla hajaipita. Atayaona macho mekundu, kope zilizojaa vumbi, makovu ya kidevuni na helmeti zisizo na vioo. Sheria ya Uganda inamtaka dereva na abiria wake wavae helmeti, na wengi wanajua kwamba kofia hiyo hulinda fuvu. Wanaokumbuka kwamba uso nao ni sehemu ya kichwa ni wachache zaidi.

VUMBI JEKUNDU

Barabara kuu ni ya lami, lakini maisha ya watu yako kando yake. Kutoka Busia kuelekea Bugiri, kupita mabonde ya mpunga ya Kibimba, njia za udongo mwekundu zinaingia vijijini kulia na kushoto. Wakati wa kiangazi lori moja likipita huko huacha nyuma yake ukuta wa vumbi ambao mtu hawezi kuona ng'ambo yake. Dereva wa boda-boda huingia katika ukuta huo akiwa amekunja uso na kufumba jicho moja.

Jicho lina ulinzi wake wa asili. Nyusi huzuia jasho, kope huzuia mavumbi, na machozi husafisha kilichopenya. Ulinzi huo unamtosha mtu anayetembea kwa miguu, hata anayekimbia. Kwa mwendo wa pikipiki hautoshi. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde. Dereva akiingiwa na chembe ya mchanga akafumba macho kwa sekunde mbili tu, amekwisha kwenda zaidi ya mita 30 akiwa kipofu. Katika mita 30 za barabara ya kijijini kuna nafasi ya kutosha ya mtoto anayekimbilia mpira, mbuzi aliyekata kamba, na shimo ambalo jana halikuwepo.

Jambo hili si dhana tupu. Mwaka 1981 ilitolewa taarifa ya uchunguzi mkubwa uliofanywa na Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Walikwenda wenyewe mahali palipotokea ajali za pikipiki, wakazichunguza ajali 900 moja baada ya nyingine. Waligundua kwamba asilimia 73 ya madereva waliopatwa na ajali hawakuwa na kinga yoyote ya macho, na wakaona kuwa yumkini upepo uliopiga macho yaliyo wazi ulififiza uoni na kumchelewesha dereva kuiona hatari. Upepo mtupu, pasipo vumbi wala mdudu, unatosha kulijaza jicho machozi. Na mwenye machozi huiona barabara kama mtu anayetazama kupitia chupa.

ZIWA LINAPOTOA MOSHI

Mbele ya Iganga, mashamba ya miwa ya Kakira yanatanda pande zote, na baada yake ni mji wa Jinja, ambapo Mto Naili unaliaga Ziwa Viktoria na kuanza safari yake ya kwenda Misri. Tangu mwezi Oktoba 2018 msafiri huvuka hapo juu ya daraja jipya lenye urefu wa mita 525, lililoning'inizwa kwa nyaya nene kutoka minara mirefu. Ni mahali pazuri pa kutazama maji. Jioni dereva wa pikipiki ana jingine la kutazama.

Kuna nyakati ambapo ziwa huonekana kama linatoa moshi. Nguzo ndefu za rangi ya kijivu huinuka juu ya maji na kuyumba pamoja na upepo. Mgeni hudhani kuna mashua inayoungua. Kumbe ni usubi wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, waliokulia katika tope la chini ya ziwa na ambao sasa wamepata mbawa kwa siku chache za kuzaana. Wakazi wa Jinja, Entebbe, Kisumu na Mwanza wanaufahamu. Usubi huo hauumi watu, na samaki na ndege huufurahia sana. Lakini taa ikiwashwa huifuata, na taa ya pikipiki ni taa kama nyingine. Dereva asiyekuwa na kioo mbele ya uso huupokea usubi huo machoni, puani na mdomoni, wala hapati mkono wa kujipangusa, kwa sababu mikono yote miwili imeshika usukani.

Mdudu mkubwa kidogo ni hatari zaidi. Nyuki au mbawakavu anayekutana na jicho kwa mwendo wa kilomita 60 hugonga kama kijiwe cha manati. Yuko pia yule mdudu mwembamba wa rangi nyeusi na nyekundu, ambaye Wakenya wamempa jina la mji wao mkuu, Nairobi. Huzidi baada ya mvua. Hang'ati wala hana mwiba, lakini akisagwa juu ya ngozi hutoa maji makali yanayobabua, na mkono ulioyagusa ukipangusa jicho, jicho huvimba likafumba. Akitua usoni hupulizwa au huondolewa kwa kipande cha karatasi, kisha mahali alipotua huoshwa kwa maji na sabuni.

MVUA YA MABIRA

Baina ya Jinja na Lugazi barabara inapita katika msitu wa Mabira, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 300. Miti yake mirefu hufanya giza hata saa sita mchana. Dereva aliyevaa miwani nyeusi ya jua akiingia humo kwa ghafula, macho yake hupofuka kwa muda hadi yazoee kivuli, na malori ya miwa hayangoji mtu azoee. Miwani ya urembo ina upungufu mwingine pia: haikukaza pembeni, hivyo upepo na vumbi huingia kwa nyuma, na ile ya kioo cha kawaida ikivunjika hugeuka kuwa vipande vikali karibu na mboni. Asiye na helmeti yenye kioo na avae miwani ya kuendeshea pikipiki, iliyozibwa pembeni na kufungwa kwa mkanda, yenye plastiki ngumu isiyopasuka, na isiyo na rangi.

Kisha huja mvua. Matone ambayo kwa mtu aliyesimama ni baraka, kwa mtu aliye mbioni ni sindano. Magurudumu ya malori hurusha tope jembamba. Kioo cha helmeti hupata ukungu kwa ndani kwa sababu ya pumzi, na dereva, kwa kukosa subira, hukipandisha juu kabisa na kuuacha uso wazi. Madereva wazoefu wa njia hii hukifungua kioo kwa upana wa kidole kimoja tu ili hewa ipite, hupunguza mwendo, na mvua ikizidi husimama Namawojjolo, mahali ambapo wauza nyama ya kuchoma na ndizi huwakimbilia abiria wa mabasi. Kituo cha robo saa penye moshi wa nyama choma hakijamvunja mtu mguu.

USIKU WA KAMPALA

Kampala ni mji wa vilima, na usiku taa zake hupanda na kushuka kama shanga. Pikipiki hupenya baina ya magari kama maji yanavyotafuta njia baina ya mawe. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanza hapo mwaka 2014, ilijulikana kwa kuwapa madereva wake jaketi za rangi ya machungwa na helmeti mbili, moja ya dereva na ya pili ya abiria. Hata hivyo, anayesimama katika njia panda ya Wandegeya saa mbili za usiku ataona helmeti nyingi zikining'inia kwenye usukani au kwenye kiwiko. Hizo ni helmeti za kumwonyesha askari wa barabarani: akionekana, hupanda kichwani, akipotea, hushuka.

Usiku unafichua kosa lingine, nalo ni kioo kilichochakaa. Mikwaruzo ambayo mchana haionekani, usiku hugeuka kuwa utando wa buibui. Taa ya gari linalokuja huutandaza mwanga wake juu ya mikwaruzo hiyo, na dereva haoni tena isipokuwa weupe mtupu. Kioo cheusi ni kibaya zaidi. Kinafaa jua la saa saba. Jioni hakina tofauti na kitambaa kilichofungwa machoni. Kwa hiyo kioo cha helmeti ni kitu cha kubadilishwa, kama tairi na breki zinavyobadilishwa. Dereva anayetoa fedha kila mwezi kwa mafuta ya injini, na akashindwa kununua kioo kipya kikichakaa, anaitunza pikipiki kuliko macho yake.

KIDEVU NACHO NI KICHWA

Askari wana sababu yao ya kuikumbuka historia ya kofia hii. Mwezi Mei 1935 T. E. Lawrence, mwanajeshi mashuhuri wa Uingereza, alianguka na pikipiki akiwa kichwa wazi, akafa siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomtibu alikuwapo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile kilimwelekeza kuchunguza vifo vya askari wapeleka barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 alichapisha matokeo yake. Mwezi Novemba mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru kila askari wa pikipiki avae kofia ngumu. Uchunguzi mwingi uliofuata katika nchi mbalimbali ulikusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2008, ukaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Kofia za wakati ule zilifunika fuvu tu, na askari walilinda macho kwa miwani ya vumbi. Helmeti ya kufunika uso mzima iliingia sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Umuhimu wake ulidhihirika mtaalamu Dietmar Otte wa Ujerumani alipochunguza helmeti zilizopatikana katika ajali na kupima mahali zilipogongwa: kiasi cha theluthi moja ya mapigo yalikuwa katika sehemu ya kidevu na taya. Helmeti iliyo wazi mbele haina kitu mahali hapo ila ngozi ya mtu na meno yake.

Mnunuzi anaweza kuutambua ubora wa kofia kwa macho yake mwenyewe. Helmeti zilizotengenezwa kwa kufuata kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa huwa na kitambulisho kilichoshonwa ndani, aghalabu kwenye mkanda wa kidevu, chenye herufi E ndani ya duara. Herufi P katika kitambulisho hicho huonyesha kwamba kinga ya kidevu imepimwa na kukubaliwa. NP ni onyo kwamba kipande cha mbele hakilindi kidevu. Na J ni helmeti isiyofunika sehemu ya chini ya uso. Herufi hizo ndogo zinaeleza mengi kuliko rangi na michoro. Na kofia nzuri kuliko zote isipofungwa mkanda huruka kabla mwenyewe hajafika chini.

KAZI YA NYUMBANI

Dereva akirudi jioni, kioo chake hurudi kimejaa vumbi na wadudu waliokauka. Hapo ndipo vioo vingi huharibiwa, kwa kupanguswa kikavu kwa kanga au kwa mkono wa shati, maana vumbi ni mchanga na mchanga hukwaruza. Kwanza kioo kifunikwe kwa kitambaa kilichoroweshwa maji kwa dakika chache ili uchafu ulainike, ndipo kioshwe kwa maji na sabuni laini, na kikaushwe kwa kitambaa safi cha pamba. Petroli na mafuta ya taa visikiguse, kwa sababu hudhoofisha plastiki hata ikapasuka. Helmeti ya abiria huvaliwa na vichwa vingi. Mama mwenye nywele zilizosukwa anaweza kufunga kwanza kitambaa chepesi cha kichwa, mradi ncha zake zimekazwa na hazipepei mbele ya uso.

Jicho likiingiwa na vumbi, lisisuguliwe, kwa kuwa chembe moja ikisuguliwa hukwaruza ngozi angavu iliyo mbele ya mboni. Lioshwe kwa maji mengi safi yanayotiririka, huku likipepeswa. Dawa za vichochoroni, maji ya majani na maziwa visitiwe. Kitu kikiwa kimechoma jicho, kisichomolewe. Jicho lifunikwe kwa kitu kama kikombe cha karatasi kisicholigandamiza, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Maumivu, uwekundu au ukungu usiopungua kwa siku moja ni jambo la daktari. Kidonda kidogo cha jicho kikipuuzwa huingiwa na vijidudu, na kovu lake likikaa mbele ya mboni hubaki hapo kama doa lisilofutika.

Hasara ya jicho haimwishii aliyeumia. Pikipiki iliyogonga hutengenezwa: madigadi hunyooshwa, kioo cha pembeni hununuliwa, tairi hubadilishwa, na fundi wa Iganga ataimaliza kazi kabla ya adhuhuri. Jicho halina vipuri katika duka lolote. Dereva aliyepoteza nuru yake hupoteza pia kazi, na nyuma yake wako watoto wenye ada ya shule, mama mkwe mgonjwa na kodi ya nyumba. Ndivyo ilivyo pia kwa askari wa barabarani anayeongoza msafara, na kwa mwanajeshi anayepeleka ujumbe kambini.

Barabara inaishia Entebbe, ambako Ziwa Viktoria linaonekana tena, pana na tulivu, na ndege zinashuka juu ya maji kuelekea uwanjani. Jioni wavuvi wanavuta mitumbwi mchangani, na mbali juu ya ziwa nguzo ya kijivu inaanza kuinuka. Katika kijiwe kilicho kando ya barabara, mama mmoja mwenye kikapu cha sato anapanda nyuma ya pikipiki na kuufunga mkanda wa helmeti yake. Dereva anatoa mfukoni kitambaa kibichi, anakisafisha kioo chake taratibu, anakitazama dhidi ya mwanga wa jua linalozama, kisha anakishusha mpaka chini. Baada ya hapo ndipo anapowasha injini.